Mkate wa Jana, Siagi ya Misungwi

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sina ugomvi na wahenga, lakini naona wazi kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusimama jikoni asubuhi akaulizwa na mgeni kwa nini tosti yake inalegea kama kitambaa cha kufutia meza. Kwenye tosti, kuchagua ndiyo kazi yenyewe. Moto unakuja baadaye, na moto haujawahi kumsaidia mtu aliyechagua vibaya.

Nawaandikia ninyi vijana mliofungua vibanda vya chai kuanzia Igoma hadi Buzuruga, kwa sababu juzi nimelishwa kitu. Binti mmoja mwenye adabu zake kaniambia, "Shikamoo babu, karibu chai, tosti ipo." Nikaitikia marahaba, nikakaa. Akachukua mkate uliokuwa ndiyo kwanza umeteremshwa kwenye pikipiki, mfuko wake umejaa mvuke, akaukata ukabonyea wote chini ya kisu. Akaupaka majarini pande zote mbili, akautupa kwenye kikaango. Kilicholetwa mezani kilikuwa kimeungua nje, na ndani ni uji. Nikala. Nikalipa na kushukuru pia, maana mama yangu alinilea. Lakini nilipofika nyumbani nilimwambia mke wangu, Limi, anitafutie kalamu.

Kwa wasionijua, mimi ni Masanja. Kazi yangu ilikuwa chai ya asubuhi katika hoteli moja ya ghorofa hapa Mwanza, tangu nikiwa kijana wa kiuno chembamba hadi nilipostaafu na kitambi hiki ambacho Limi anakiita mali ya hoteli. Wenzangu walipika sangara na wali wa mchana, wakasifiwa. Mimi nilikuwa mtu wa chai, mayai na tosti. Kuna watu watasema tosti ni mkate uliochomwa, basi. Sawa. Na ndoa ni watu wawili kukaa nyumba moja, basi.

Aliyenifundisha ni Ma Koku, mama wa Kihaya aliyekuwa mkuu wa jiko. Alikuwa mfupi, mnene, na mwenye sauti iliyofika ghorofa ya juu bila kupanda ngazi. Siku yangu ya kwanza alinituma mkate. Nikakimbia hadi kwa waokaji, nikarudi nimekumbatia mikate inayochoma kifua, nikiamini nitapewa pongezi.

Akaubonyeza mmoja, akanitazama. "Huu umeleta wa kesho."

"Hapana mama, ni wa leo. Bado wa moto kabisa."

"Ndiyo maana nakwambia ni wa kesho. Leo tunakula wa jana."

Shikeni hilo hapo, hata mkisahau mengine yote. Mkate wa tosti ni mkate wa jana. Mkate uliotoka tanurini leo una maji mengi tumboni. Ukiupeleka kwenye moto unajichemsha wenyewe, nje unaungua na ndani unakuwa gundi. Ukilala siku moja unatulia, unapunguza maji, unakatika bila kulia. Na wa juzi je? Wa juzi unaweza kufaa kama umefunikwa vizuri, ila uunuse kwanza. Ukinusa ukafikiria stoo, wape kuku.

Ma Koku alikuwa akibonyeza mkate kwa kidole gumba, halafu anasubiri. Ukirudi polepole, huo ni mzuri. Usiporudi, ni mbichi. Usipobonyea kabisa, ni silaha. Baada ya hapo aliukata katikati kutazama matundu. Matundu madogo yaliyosongamana yanashika siagi. Matundu makubwa yanaipitisha, na mgeni anainuka mezani na doa kwenye shati, halafu anakudai sabuni. Mikate yetu ya hapa mjini ina sukari nyingi pia, na sukari ina haraka kuliko bodaboda. Ukigeuka tu kumsalimia mtu, mkate umeshakuwa mkaa. Kwa hiyo mkate mtamu moto wake uwe mdogo. Na huo mnaouita mkate wa brauni, umwagieni maji kidogo kabla hamjaulipia fedha zaidi. Nimewahi kuona maji yakibeba ile rangi yote na kuniachia mkate mweupe unaoona aibu.

Enzi zile tulichomea kwenye jiko la mkaa, juu ya wavu wa waya. Unaacha mkaa ukolee hadi uvae jivu, ndipo unaweka slesi zako, nene kama kidole, unakaa hapo hapo na koleo. Baadaye ikaja mashine ya umeme. Siku ilipofungwa, bosi alitukusanya wote tuitazame. Mkate ukaingia, tukasubiri, halafu tah! ukaruka. Ma Koku aliruka nyuma zaidi ya mkate. Kwa muda mrefu alikataa kuitumia, akisema hawezi kumpa mgeni chakula kilichotemwa. Aliizoea mwishowe, lakini umeme ukikatika alikuwa akipita jikoni akiimba, anaangalia ile mashine kwa huruma ya uongo, anaagiza mkaa.

Sasa siagi. Hapa vijana ndipo mnaponiumiza. Kila kitu cha njano kwenye kopo mnakiita siagi. Majarini si siagi, na sisemi hivyo kwa kuitukana. Majarini ni mafuta ya mimea yaliyosomeshwa hadi yakajua kufanana na siagi. Njia ya kuyatambua ni kuweka kidogo ulimini na kufunga mdomo. Siagi inayeyuka na kwenda zake. Majarini inabaki imeganda kwenye kaakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Ukiwa na majarini tu, basi tumia, lakini mwambie mteja ni majarini. Atakuheshimu, na hata bei yako ataielewa.

Siagi ikiwa ngumu, usiipasue juu ya mkate, utautoboa. Iache nje ilegee yenyewe. Usiiyeyushe motoni, maana ikishakuwa mafuta haipakwi tena, inamwagwa. Tosti ikitoka kwenye moto, isimamishe kidogo, slesi mbili ziegemeane, mvuke utoke. Ukiilaza kwenye sahani ikiwa inatoa jasho, chini yake italowa. Isimamishe, hesabu pumzi chache, kisha paka hadi pembeni. Hadi pembeni kabisa! Mtu anayepaka katikati tu anawapa wageni kona kavu, na kona kavu ndizo wanazokumbuka.

Na siagi, wajukuu zangu, ina masikio. Inasikiliza kila harufu iliyo karibu na kuirudia neno kwa neno. Tulikuwa na friji moja pale hotelini. Siku moja bosi alinunua dagaa wakavu wa kupelekea ndugu zake, na kwa kuwaogopa sisimizi akawafungia humo humo, karibu na siagi yetu, bila kutuambia. Asubuhi wageni wakaanza kunusa tosti, wanatazamana, wanainusa tena. Mama mmoja akaniuliza kwa upole kama kisu changu kina kazi nyingine. Tulitupa siagi yote na bosi akapewa hotuba na Ma Koku, yeye amekaa, Ma Koku amesimama. Lakini kesho yake mzee mmoja wa Ukerewe, aliyekuwa amelala kwetu, aliisukuma tosti yake safi pembeni na kuniita. "Kijana, hii ya leo mbona haina ladha? Ile ya jana mmemaliza?"

Nimewachekesha vya kutosha. Niwaambie sasa ile tosti moja niliyoipika kwa hofu.

Limi alikuwa fundi cherehani mjini, anaishi kwa shangazi yake. Ndiye aliyetushonea aproni za jikoni, na kipimo cha kwanza tu alichonichukua kilinimaliza. Tulipendana, nikatuma mshenga kwao Misungwi kupeleka posa. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki. Baba zake wadogo walikubali. Aliyebaki ni mama, na mama alipoambiwa kazi yangu alicheka hadi akajifuta machozi. Akamwambia mshenga, "Mwanaume anayepika, mke wake atafanya nini? Si watagombania mwiko? Halafu nasikia mwanangu ndiye aliyemshonea huyo bwana sketi." Akasema atafikiri. Misungwi, mama akisema atafikiri, mshenga anachukua fimbo yake anaondoka.

Tulikaa hivyo, hatujakubaliwa wala hatujakataliwa, na mimi nilikonda kwa kweli. Nilimpenda yule binti kuliko nilivyojua kusema. Halafu siku moja Limi akaja jikoni kwetu mchana, pumzi juu juu. Akasema kuna semina ya akina mama wafugaji inafanyika mjini, mama yake yumo, na wamepangiwa kulala hotelini kwetu. Kesho asubuhi atakunywa chai pale.

"Anakula nini?" nikauliza.

"Mkate anakula, lakini meno yake ya kulia yameisha. Na usithubutu kumpa majarini, Masanja. Mama anatengeneza siagi mwenyewe, ya kibuyu. Majarini anaiita girisi ya baiskeli."

Jikoni tulikuwa na girisi ya baiskeli tupu, kwa sababu bosi alikuwa kwenye kipindi chake cha kubana matumizi. Nikavua aproni, nikaenda stendi ya Nyegezi, kwenye mabasi yanayotoka upande wa Misungwi. Kulikuwa na mama mmoja pale aliyeuza maziwa ya mgando na siagi anazokusanya kwa wanawake wa vijijini, kila moja kwenye kopo lake. Nikamwomba anifungulie zote. Alinuna, lakini akafungua.

Ya kwanza ilikuwa njano sana, na kilikuwa kiangazi, majani yamekauka. Siagi ya kiangazi hufifia, kwa hiyo hii ilitiwa rangi. Nikaipita. Nyingine niliigusa kwa kisu ikatoa matone meupe, maana yake haikuoshwa vizuri, maziwa yamebaki ndani na itachacha haraka. Nyingine ilinuka zizi. Ya mwisho ilikuwa imefifia, ngumu kiasi, imekatika bila kutoa hata tone, na ilikuwa na harufu ya moshi kwa mbali sana. Kwetu kibuyu cha maziwa huoshwa, kisha hufukizwa kwa kijiti chenye moto, na kila mwanamke ana mti wake anaouamini. Huyu alikuwa na mti mzuri na mkono mwepesi. Nikaichukua hiyo.

Asubuhi akina mama wakashuka na kujaza ukumbi. Jiko letu lilikuwa na kidirisha cha kutolea chakula, na kupitia hapo nilimwona mara moja: mrefu, kanga mabegani, macho ya Limi yaliyokaa kwenye uso mkali. Akaingia akisalimia, "Mwangaluka!" kwa sauti ya mtu mwenye ng'ombe. Mimi nikajitupa chini ya meza.

"Waitu! Umedondosha nini?" akauliza Ma Koku, akishtuka kwa Kihaya chake.

"Mkwe wangu yuko pale."

Niwaeleze, maana wengine mmezaliwa mjini. Kwetu Wasukuma, kwa watu wa rika lile hasa, mwanaume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukwepana. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, wakikutana njiani mmoja anapisha. Na kubwa kuliko yote, mama mkwe hali chakula mbele ya macho ya mkwe wake. Nilikuwa nimeingia kazini kama mpishi na kujikuta nimelala sakafuni kama mkwe.

"Amekwisha kukukubali?" akauliza Ma Koku.

"Bado."

"Basi si mkwe wako. Ni mteja. Inuka, mteja ana njaa."

Nikainuka. Nikachagua mkate wa jana, sehemu ya katikati ambako ni laini zaidi, nikapunguza ganda kwa ajili ya yale meno, nikauchoma kwenye mkaa badala ya mashine. Nikausimamisha mvuke utoke. Nikapaka siagi ile kwa adabu, safu nyembamba, kama tulivyozoea kuwapakia wageni wote wakati wa kubana matumizi. Ma Koku akaipeleka mwenyewe. Mimi nikabaki pembeni ya kidirisha, jicho moja nje.

Mama akainusa. Akauma. Akaacha kutafuna. Akainusa tena, na ukumbi mzima ukamsikia.

"Siagi hii nimeitengeneza mimi!"

Wenzake wakageuka.

"Kibuyu changu nakijua, moshi wangu naujua! Nimepanda gari kutoka Misungwi nije mjini kulishwa siagi yangu mwenyewe?"

Wale akina mama walicheka hadi vikombe vikalia kwenye visosi. Kumbe yule muuzaji wa stendi alikuwa akichukua siagi kwa mama huyu pia. Mama hakucheka. Alisimama, tosti mkononi, akaja moja kwa moja hadi kwenye kidirisha, akainamisha kichwa na kunitazama usoni.

"Wewe ndiye Masanja?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Na akauma tena, pale pale, mbele yangu, anatafuna taratibu upande wa kushoto huku ananitazama.

Vijana, sijawahi kuumia kama dakika ile. Maneno yake yangekuwa makali kiasi gani, ningevumilia. Lakini alikuwa anatafuna! Alinitazama usoni akitafuna, kama mtu anavyomtazama kinyozi au fundi wa viatu. Maana yake kwake mimi nilikuwa mpishi tu. Jibu la posa nilikuwa nimelipata.

"Ulijua ni yangu?"

"Hapana, mama. Sikumjua mwenyewe. Nilifungua makopo yote ya pale Nyegezi. Hii ndiyo pekee iliyooshwa hadi ikaisha maziwa."

"Hm. Na huu mkate?"

"Wa jana, mama."

"Mkate ni mzuri." Akageuza ile tosti, akanionyesha. "Hapa umepaka nini? Mbona naona mkate? Unaogopa itaisha?"

Nikaanza kumweleza habari za matumizi ya hoteli. Akanikatiza.

"Binti yangu hakukulia kwenye nyumba ya kupakiwa siagi kwa ncha ya kisu."

Akarudi kwenye kiti chake. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikachoma slesi nyingine. Safari hii nilipaka kama mtu aliyerithi zizi, hadi pembeni, hadi kwenye kona, siagi imekaa nene na bado haijayeyuka juu. Bosi angeiona angezimia. Ma Koku akaitazama, akanitazama mimi, akaibeba.

Mama alipokea sahani. Hakuinusa. Aliishikilia, akakiangalia kidirisha chetu kwa muda, halafu akasimama. Akakikamata kiti chake kwenye egemeo, akakiburuta sakafuni kwa kelele, akakigeuza chote kikaelekea ukutani. Akakaa. Akavuta kanga hadi kichwani, ikamfunika na mashavu. Ndipo akaanza kula.

Ma Koku alirudi jikoni macho yakiwa na machozi. Akaniwekea mkono begani. "Pole, mwanangu. Umejitahidi. Mama amekupa mgongo."

Mimi nilikuwa tayari nimeketi juu ya gunia la unga, nacheka na kulia kwa pamoja, siwezi hata kusimama. Nikamshika mkono yule mama wa Kihaya, mwalimu wangu aliyejua kila kitu cha mkate na siagi.

"Ma Koku," nikamwambia, "kwetu mama hampi mgongo mpishi. Anampa mgongo mkwe."

Mama mkwe bado yu hai, huko Misungwi, na meno ya kushoto nayo yameanza kung'oka. Kila tukienda namchomea tosti kwa mkono wangu, mkate wa jana, siagi bila kubana. Limi ndiye anayeipeleka ndani. Mimi nakaa nje, nyuma ya ukuta, natulia kimya hadi naisikia ikivunjika mdomoni mwake. Tangu asubuhi ile sijamwona akila kitu chochote, na namwomba Mungu nisimwone kamwe.